Fahali Aliyekula Kinamasi

Kazi yangu ya kwanza serikalini ilikuwa kuwaambia watu wakaushe vinamasi, na kazi yangu ya mwisho ilikuwa kuwaomba watu hao hao wavitengeneze upya. Kama mnataka kucheka, chekeni sasa tumalize. Watu wa upande wa Khayega wamenicheka miaka mingi na bado niko hai, nakunywa chai yangu. Ninyi mnaoingia kazini leo, wenye simu za kupimia kila kitu na vyeti vinavyoshinda vyangu, nawaandikia kwa sababu kuna mambo ambayo simu hizo hazitawaonyesha, na mimi niliyaona nikiwa na gambuti miguuni.

Huku nje naitwa Mama Mitaro. Jina langu halisi liko kwenye barua ya kustaafu, na nadhani ni barua hiyo tu inayolikumbuka. Nilikuwa afisa wa kuhamasisha umma katika ofisi ya maji na usafi, yaani yule mtu anayekuja sokoni na kipaza sauti kuwaambia watu wasitupe taka kwenye mtaro, halafu akiondoka wanatupa.

Nilipoajiriwa nikiwa msichana, tuliambiwa kinamasi ni mbu na homa. Chimbeni mifereji, maji yatoke, kisha pandeni mikaratusi inywe yatakayobaki. Nilizunguka na maneno hayo kutoka kwetu Malava hadi Khayega, na mabaya zaidi ni kwamba watu walinisikiliza. Bonde moja baada ya jingine likakauka, likawa shamba la kabeji, kisha nyumba, kisha kanisa. Na mvua ya huku mnaijua. Inakuja saa tisa alasiri kama mtu aliyeajiriwa. Zamani ilikuwa ikishuka mlimani inapata pa kupumzikia. Sasa inatoka kwenye mabati na lami ikiwa na haraka zake, haina pa kutua, inaingia sebuleni mwa mtu.

Basi miaka ikapita, wakubwa wakasoma mambo mapya, nikapewa amri ya kinyume. Nikasimama kwenye baraza la chifu na chati yangu ya rangi nne, nikatamka "ardhioevu iliyotengenezwa" mara tatu, na kila mara nikaona watu wanasogeza viti nyuma. Mama mmoja mzee aliyekuwa mbele akainua mkono. Akaniuliza kama si mimi niliyekuja hapo nikiwa mwembamba, nikawafanya wakaushe bonde la baba mkwe wake. Baraza zima lilicheka, hata chifu. Sikuwa na pa kujificha, nikajibu kwamba ni mimi, na kwamba nilikosea.

Viti vikarudi mbele. Sikuelewa kwa nini siku hiyo, nikadhani wanataka kunicheka kwa karibu. Ilinichukua miaka kujua kwamba mtu wa serikali akikiri kosa, watu wanamsikiliza angalau kwa mshangao.

Aliyenifundisha kazi hasa ni Bwana Likhanga, nyapara wa mitaro. Shule hakwenda mbali, lakini angeweza kusimama katikati ya soko kavu akakuonyesha maji yatapita wapi, yatagonga ukuta gani, na ni nani atakayeanza kulia. Alinisema waziwazi. Kwamba nafundisha habari za mvua lakini mvua ikianza tu nakimbilia ofisini. Siku moja mawingu yakiwa yameshuka, alinipa karatasi ya nailoni nijifunike. Akanunua muwa, akautafuna pale pale mbele ya stendi, akatema kapi kwenye maji yaliyokuwa yakianza kukimbia barabarani. Akaniambia nilifuate.

Nikalifuata, mtu mzima na mshahara wake, nikiwa nimeinama nyuma ya kapi la muwa. Likapita mbele ya bucha, likaingia kwenye kalvati, lile bomba la kupitisha maji chini ya barabara, nikakimbia kulingoja upande wa pili. Kalvati ilikuwa imezibwa nusu na viatu vya plastiki. Kapi likazunguka, likachomoka pembeni, likateremka uchochoro wa wauza mitumba hadi safu ya chini kabisa ya vibanda. Huko likaingia kwenye kibanda cha mshonaji. Nami nikaingia.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na Selina Mmbone. Alikuwa mjane, mshonaji wa sare za shule, na alikuwa ameketi juu ya kiti miguu ameikunja, cherehani imesimama ndani ya maji hadi kwenye kanyagio. Marobota ya vitambaa alikuwa ameyafunga juu kwenye paa. Aliyafunga haraka, kama mtu ambaye ameshafanya hivyo mara nyingi. Aliniuliza nimefuata nini. Sikuwa na uongo wa karibu, nikamwambia nimefuata lile kapi. Akaliangalia likielea chini ya meza yake.

"Basi limefika," akasema. "Karibu."

Mkitaka kujua mvua inafanya nini mahali, tokeni ikiwa inanyesha. Siku ya pili yake watu watawaambia maji yalipita kila mahali, na si kweli, maji yana njia zake. Nendeni mkiwa wawili, msiingie yanayopita magoti, na msipige picha ya mtu anayeokoa godoro lake mpaka mmemsaidia kulibeba.

Nyuma ya kibanda cha Selina, ambapo pia ndipo alipokuwa akiishi, kulikuwa na kipande cha bonde alichoachiwa na marehemu mumewe. Alipanda nduma pale. Palikuwa chini kuliko soko lote, na Likhanga alipopaona alichuchumaa, akapima mteremko kwa macho. Akaniambia maji yamekuwa yakitaka kufika hapo siku zote, ila yamewekewa kibanda cha mama wa watu njiani. Tukigeuza mtaro juu kidogo, yapite pembeni, yaingie bondeni, yakae humo na matete mpaka yatulie, yangekwenda mtoni bila kugombana na mtu.

Kumwomba mtu shamba la marehemu si mchezo. Tulikwenda kwake mara nyingi. Wahandisi walikuja na vipimo vyao wakamweleza kwamba mafuriko yatapungua kwa kiasi kikubwa. Selina akawasikiliza, akawapa chai, kisha akanigeukia mimi. Aliniuliza swali moja tu, akitoa shamba, maji yatatoka kabisa mlangoni kwake, yasiingie tena? Wahandisi walikuwa wamesema yatapungua. Mimi nikasema yatatoka. Nilisema hivyo kwa sababu nilimpenda na kwa sababu nilikuwa nimechoka, na mtaona neno hilo lilivyonigharimu usingizi.

Tukajenga. Kwanza shimo la mawe la kutulizia maji, ambapo tope, chupa na mafuta ya gereji za barabarani hubaki. Kisha kitanda cha kwanza cha kokoto na mchanga, halafu cha pili, vyote vimepandwa matete na mafunjo, na ukingo wa udongo kuzunguka. Maji yanapita polepole kati ya mizizi, yanaacha uchafu wake, yanatokea kwenye mawe upande wa mtoni. Nilipoacha chati na kuanza kueleza kwa chujio la chai, watu walielewa siku moja. Nilimwaga maji ya tope kwenye chujio mbele ya kibanda cha chai, nikasema kinamasi ni chujio kama hili, ila letu linaota. Kosa langu ni kwamba chujio nililiazima kwa mwenye kibanda, na asubuhi ile hakuna aliyetaka chai yake. Nendeni na chujio lenu.

Matete yakashika. Ikaja Januari, jua likaanika kila kitu, nyasi za barabarani zikawa za rangi ya mkate. Pale kwa Selina peke yake palikuwa kijani. Niliringa. Nilipita pale kila asubuhi kama mtu anayeangalia mtoto wake akilala.

Sasa, kama hamkuzaliwa upande huu, lazima niwaambie kidogo habari za mafahali. Huku fahali wa kupigana si ng'ombe tu. Ana jina, ana wimbo, ana watu wake, na Jumamosi ya pambano hatembei kimya kwenda uwanjani. Anasindikizwa kwa ngoma za isukuti na kijiji kizima kikimwimbia sifa. Mzee Shivachi, jirani wa Selina upande wa juu, alikuwa na fahali aliyeitwa Stima. Kiangazi kile Stima alikuwa amekonda, na mzee alikuwa na aibu ya kumpeleka uwanjani mnyama wa mbavu. Alfajiri moja akamshusha taratibu kwenye kinamasi changu, akamwacha ale. Stima akala, akakanyaga ukingo ukabomoka, akaacha na zawadi zake juu ya kokoto.

Hilo ningelisamehe. Tatizo ni kwamba Jumamosi hiyo hiyo Stima alimshinda fahali ambaye hakuwa amewahi kushindwa. Kufika jioni, habari ilikuwa imefika hadi Kakamega mjini kwamba nguvu yote imetoka kwenye matete ya Mama Mitaro.

Sijawahi kupata umaarufu kama ule. Wiki iliyofuata watu walikuja na mapanga, na wengine wakaja na majembe, maana kwa nini ukate wakati unaweza kung'oa na mizizi ukapande kwako? Kila mwenye fahali, na kila mwenye ndama aliyemtarajia kuwa fahali, alitaka shina. Niliweka seng'enge, ikaondoka. Niliweka kibao kikubwa cha bati, USIKATE MATETE, MALI YA UMMA, kikaondoka pia. Nilikuja kukiona kwenye boma moja nilikoalikwa chakula. Walinikaribisha kwa heshima zote, wakanipa obusuma na ingokho, yaani ugali na kuku, na yule ingokho alikuwa ametoka kwenye banda ambalo mlango wake ni kibao changu. Nilikula. Maandishi yalikuwa yameangalia ndani, nadhani kuku waliyasoma.

Lakini niliporudi pale kwa Selina, kicheko kiliisha. Vitanda vilikuwa mashimo tupu na kokoto zimetapakaa. Bila mizizi ya kuyashika, maji yangepita moja kwa moja, yangebomoa ukingo na kurudi kibandani. Tulikuwa Machi. Mawingu yalikuwa yameanza kukusanyika alasiri, bado bila kunyesha. Selina alikuwa ametoa shamba na sasa hakuwa na nduma, wala kinamasi, na maji yalikuwa njiani. Na mimi ndiye niliyesema yatatoka.

Hapo ndipo nilipofanya kosa kubwa kuliko yote ya maisha yangu ya kazi. Siku ya soko nilichukua kipaza sauti nikatangaza kwamba matete yale ni sumu. Nikasema yamenyonya mafuta ya gereji, mnyama akila anakufa, mtu akishika ataona. Nilipamba. Nilikuwa na hasira, na sauti ikiwa kubwa maneno yanapata miguu. Watu walitawanyika, na kuanzia siku hiyo hakuna aliyegusa hata jani. Nilikwenda nyumbani nikajisifu kwa mume wangu.

Baada ya siku chache akina mama wakakataza watoto kupita uchochoro ule. Wenye kushonesha sare wakahamia kwa mshonaji mwingine, maana nani atavalisha mtoto nguo iliyoshonewa kando ya sumu? Kamati ya soko ikakaa, ikaamua shimo la sumu lifukiwe kabla ya mvua. Lori la udongo likaagizwa, lije Jumatatu.

Selina alikuja ofisini Alhamisi. Hakuwa amewahi kuja ofisini kwangu. Alikuwa amevaa nguo za kanisani, akakaa kwenye kiti cha wageni bila kuegemea.

"Ulitaka shamba la nduma, nikatoa," akasema. "Sasa unasema nyuma yangu ni sumu. Mimi nalalanga hapo, Mama Mitaro. Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia hakuna sumu ya namna hiyo.

"Kwa hivyo ulidanganya watu."

"Ndiyo."

"Utawaambia lini?"

Hakupandisha sauti. Angenitukana ningejua la kumjibu. Niliona aibu ambayo hata leo nikiandika inanipandisha joto masikioni. Nikamwambia Jumamosi, kwa sababu hakuna siku nyingine watu wangekusanyika kabla ya lori, na Jumamosi watu wote wangekuwa uwanjani kwa mafahali.

Ijumaa nikamwendea Mzee Shivachi. Stima alikuwa na pambano kesho yake, na kwa sheria za mzee yule, zake mwenyewe, mwanamke hakaribii boma lenye zizi siku mbili kabla ya pambano. Kwa hiyo tuliongea ua wa michongoma ukiwa katikati yetu, mimi barabarani, yeye ndani, hakuna anayemwona mwenzake. Tulianza na salamu ya mulembe, tukaulizana habari za watoto wote, ng'ombe wote, kisha nikamwambia shida yangu. Nikamwomba awaambie watu kwamba si matete yaliyomshindia Stima.

 Nyuma ya michongoma mzee akakohoa.

"Hiyo nilijua tangu siku ile," akasema. "Ule mwingine alikuwa anachechemea mguu wa nyuma. Niliona akiletwa. Lakini watu walikuwa wamefurahi, mama. Ningewaambia nini?"

Nilishindwa kumlaumu, maana kila upande wa ua ule ulikuwa na mwongo wake. Nilianza kucheka, nikamsikia naye anacheka. Tulipotulia akaniuliza matete yetu tulikuwa tunayakata lini. Nikasema hatuyakati, ni marufuku. Akacheka upya, safari hii kwa huruma. Akaniuliza kama nimewahi kuona mabingobingo, yale majani marefu ya kulishia ng'ombe, yasiyokatwa, yanavyozeeka, yanavyokauka katikati na kuangukiana. Jani unalokata linarudi na nguvu, akasema, ukilikata kiganja kimoja kutoka chini, nusu ya shamba mwezi huu na nusu mwezi ujao. Kinachoua ni jembe. Baadaye niliwapelekea wahandisi maneno hayo, wakakubali kwamba ni sawa kabisa, na kwamba matete yakikatwa na kutolewa yanatoka na uchafu yaliounyonya. Waliyaandika kwenye mwongozo wa utunzaji kwa lugha nzuri zaidi. Mimi najua yalitoka nyuma ya michongoma.

Jumamosi asubuhi nikasimama uwanjani kati ya mafahali wawili wenye hasira na watu wengi ambao hawakuja kuniona mimi. Sikubeba kipaza sauti. Mzee Shivachi alinyamazisha isukuti, jambo ambalo sijawahi kuona likifanyika, akaniambia niseme.

"Niliwaambia matete ni sumu," nikasema. "Nilidanganya. Niliona mnayamaliza na nikashindwa kuwaeleza."

Kisha nikaeleza taratibu. Mafuta ya gereji yanabaki kwenye shimo la kwanza, kidogo yanafika kitanda cha kwanza, ndiyo maana matete yale si chakula cha mnyama. Hata hivyo hayaruki yakamfuata mtu nyumbani, wala hayaharibu sare ya mtoto. Nikasema shamba ni la Selina Mmbone, na nyumba itakayoingia maji kwanza ni yake, na mimi ndiye niliyemwahidi.  Walinizomea kidogo, kwa adabu.

Mzee Shivachi naye akasema lake, kwamba fahali yule mwingine alikuwa kilema siku ile. Mzomeo alioupata ulinifanya nione wangu ulikuwa wimbo wa kubembeleza mtoto. Mwenye fahali aliyeshindwa aliruka juu kwa furaha, akadai marudiano pale pale. Mzee akangoja wachoke. Kisha akasema anamjua kila aliyeng'oa shina, kwa sababu wote walikuja kwake kujigamba, na kwamba mashina yarudi kesho baada ya kanisa. Tena hayatarudi kimya kama mali ya wizi. Yatasindikizwa na isukuti, vile fahali anavyosindikizwa.

Sikuamini watakuja. Jumapili nilikaa na Selina kwenye benchi mbele ya kibanda. Kwanza tulisikia ngoma kutoka upande wa shule. Halafu wakatokea barabarani na nguo za kanisani, wanaume na wake zao, matete mabegani, mizizi imefungwa kwenye magunia yenye maji, wengine wamebeba kwenye baiskeli. Mbele yao wapiga isukuti. Walikuwa wakiimba ule wimbo wa sifa wa Stima, ila palipokuwa na jina la Stima wakaweka matete. Walisifu pembe zake, na matete hayana pembe. Nimepata barua za pongezi kazini, ziko kwenye faili, lakini siku ile ndiyo niliyolia. Selina hakulia. Alivua viatu, akafunga leso kiunoni, akaingia kwenye tope kuwaonyesha nafasi ya kuacha kati ya shina na shina, kwa sababu wanaume walikuwa wanapanda kama mahindi.

Lori la udongo lilikuja Jumatatu kama lilivyoagizwa. Dereva akatukuta tumesimama na tope hadi magotini, akauliza amwage wapi. Mzee Shivachi akamwonyesha ukingo ulipobomolewa na Stima. Tukaujenga upya, mpana zaidi, na juu yake upande wa nje tukapanda mabingobingo, ambako maji ya gereji hayafiki. Hayo ndiyo chakula cha mafahali hadi leo. Matete ya ndani yanakatwa kwa zamu, kiganja kimoja kutoka chini, yanaezekea mabanda, na wenye mafahali ndio kamati ya kuyatunza. Hakuna kibao. Marudiano yalifanyika pia, Stima akapigwa vibaya, na mzee hakunisalimia mwezi mzima.

Lakini mvua haikungoja mizizi ikomae. Mhandisi alikuwa ameniambia matete mapya yanahitaji muda, kisha akaangalia mawingu. Siku chache baada ya kupanda, saa tisa kasoro, mbingu zikafunguka na mvua ya mawe ndani yake. Nilikuwa juu ya soko. Nikateremka nayo. Kalvati ilikuwa imesafishwa, maji yakapita. Yakageuka pale tulipogeuza mtaro, yakaingia kwenye shimo la mawe yakibeba chupa na ndara na povu, yakajaa, yakamwagika kwenye kitanda cha kwanza. Matete yakalala yote. Nikaona yamekwisha. Maji yakapanda hadi kitanda cha pili, yakapanda ukingoni, yakabaki vidole vichache kufika juu, na mimi nimesimama pale naomba kwa sauti, kwa Kiswahili na kwa kikwetu, chochote kilichokuja mdomoni. Kisha upande wa mtoni nikasikia yanaanguka kwenye mawe ya kutokea. Hayakupanda tena. Shina moja moja, matete yakaanza kuinuka.

Nikakimbia kwa Selina. Sikumbuki uchochoro. Nakumbuka kwamba nilisukuma mlango nikiwa na maneno mengi. Alikuwa anashona. Sare za shule alikuwa amezipanga juu ya mkeka, chini, sakafuni, na paa lilikuwa tupu, hakuna robota hata moja lililofungwa. Hakuwa ametoka hata kuchungulia nje. Aliendelea na mshono mpaka mwisho wa pindo, akakata uzi kwa meno, ndipo akaniangalia, halafu akaangalia chini. Leso yangu ilikuwa inachuruzika, gambuti zimejaa zinamwagika, na kidimbwi kilikuwa kinatembea kuelekea kwenye mkeka wake.

Akachukua tambara chini ya cherehani, akanirushia.

"Panguza, Mama Mitaro," akasema. "Maji yote yaliyoingia humu leo ni yako."

Nikapiga magoti, nikapanguza.